Mtama Anamtafuta Kunde

Malori yanapopanga foleni Malaba yakisubiri kuvuka kwenda Uganda, hakuna dereva mzoefu asiyemjua Akwii. Hawamjui kwa chakula wala kwa malazi. Wanamjua kwa sindano. Upepo wa safari ndefu kutoka Mombasa hurarua turubai la lori kama karatasi, na mzigo wa sukari hauwezi kuachwa wazi mvua ya alasiri ikijikusanya upande wa Tororo. Hapo dereva hutuma mtu amwite Mama Turubai, naye Akwii huja na sindano yake iliyopinda, uzi wa nailoni na kipande cha ngozi anachofunga kiganjani asijichome. Hulitandaza turubai kando ya barabara, akakaa katikati yake kama aliyekaa kwenye mkeka wa nyumbani, akashona huku akibishana na madereva kuhusu siasa, kwa Kiswahili, Kiteso na Kiganda cha kuokoteza. Ni mwanamke mwenye mwili, na kicheko chake husikika mpaka kwenye vibanda vya wabadilisha pesa.

Kwa hiyo alipoanza kunyamaza, watu walidhani ni jino.

Haikuwa jino, ila hata yeye hakujua ni nini. Alikuwa akipiga mshono, mara mkono unasimama hewani, na hakumbuki uzi ulikuwa unaelekea wapi. Madereva wakimtania, anachelewa kucheka. Jioni anaweka maji ya ugali motoni, anakaa kuyatazama mpaka yanakauka.

Siku ya kwenda kliniki kuchukua dawa zake, sista alifungua faili, akatabasamu. Akwii ameishi na virusi miaka mingi na hajawahi kuruka dawa. Kwenye damu yake havionekani tena. "Wewe ni mfano kwa wengine," sista alisema. Akwii akaangua kilio pale pale kwenye kiti.

"Kwani ni nini, mama?"

"Sijui."

"Kuna mtu amekutusi? Wamekutenga nyumbani?"

"Hapana. Naishi peke yangu."

"Unaogopa kufa?"

Akwii alifuta uso kwa leso, akalifikiria swali hilo kwa makini.

"Hapana," alisema. "Hiyo ya kufa nilishaimaliza kitambo."

Na kweli alikuwa ameimaliza. Mume wake, Ikapel, alikuwa taniboi, msaidizi wa dereva, wa malori ya masafa marefu. Aliugua, akakonda, akafa, na waliomzika walijua kilichomuua ingawa hakuna aliyekitaja kwa jina. Akwii alipopimwa akaambiwa naye anavyo, mtoto wao wa pekee, msichana, ndio kwanza alikuwa ameanza kutembea. Dawa zilikuwa bado za kubahatisha siku hizo. Waliogunduliwa pamoja na Akwii walikuwa wakizikwa mmoja baada ya mwingine, na yeye mwenyewe alikuwa na vidonda mdomoni na nguo zote zinampwaya. Akafanya alichoona ndicho cha mtu mwenye akili: akajiandaa. Aligawa vyombo vyake. Shamba la Amukura akamwachia shemeji. Kisha akambeba mtoto hadi Port Victoria kwa dada yake mkubwa, Atyang, aliyekuwa ameolewa na mvuvi Msamia aitwaye Oundo na hawakuwa wamejaliwa mtoto.

"Mlee kama wako," alimwambia dada yake. "Asijue alizaliwa na mtu wa ugonjwa huu. Hata nikishakufa, asijue. Niapie."

Atyang aliapa akilia. Baada ya muda alituma habari kwamba mtoto amepimwa na ni mzima. Akwii akashukuru Mungu, akarudi kungoja kifo.

Kifo hakikuja. Dawa ndizo zilizokuja. Akwii akapona vidonda, akanenepa, akajifunza kushona maturubai kwa mzee mmoja wa Malaba ambaye macho yalikuwa yanamwishia. Mwaka wa kwanza hakwenda kumchukua mtoto, kwa kuogopa kwamba atamzoea halafu afe kweli. Mwaka wa pili akasema asubiri kidogo aone. Alipokuja kuamini kwamba anaishi kama watu wengine, mtoto alikuwa darasani, akiitwa Winny Oundo, akimwita Atyang mama na Oundo baba. Akwii alipofika na sare mpya za shule, mtoto alimkimbilia kwa furaha: "Anti amekuja! Anti amekuja!"

Akawa Anti. Akazoea.

Mpaka Winny alipohitimu chuo, stashahada ya afya ya mifugo, na sherehe ikafanywa Port Victoria chini ya mahema mawili. Akwii alikuwa akigawa soda. Mshereheshaji akaita, "Sasa wazazi, wazazi waje wakate keki!" na Akwii, akiwa na chupa mbili mkononi, akapiga hatua. Hatua moja tu. Hakuna aliyeona. Alijigeuza kama anampelekea soda mtu wa nyuma, akampa mgeni ambaye tayari alikuwa na yake. Aliporudi Malaba ndipo mkono wake ulipoanza kusimama hewani.

Hayo yote hakumwambia sista. Hakudhani yanahusiana. Alisema tu kwamba hajui. Sista akampeleka chumba cha pili kwa mshauri aitwaye Nerima, mwanamke mwembamba wa sauti ya taratibu, naye akamwambia kuna kikundi cha wanawake wanaoishi na virusi, cha kwenye simu, wanasaidiana mambo ya moyo na akili.

"Si lazima uje mahali," Nerima alimweleza. "Hakuna atakayekuona. Na mtu akishika simu yako hatajua kitu."

Kikundi kiliitwa Mapishi ya Nyumbani. Picha yake ilikuwa sahani ya ugali na omena. Kila mwanamke alijiita jina la chakula: kulikuwa na Mrenda, Viazi, Omena, Chapati Laini. Nerima mwenyewe aliitwa Mpishi. Masharti yalikuwa mawili: usitaje jina lako, wala usimuulize mwenzako anatoka wapi. Alhamisi alasiri Mpishi alikaa nao saa nzima, siku nyingine waliandikiana wenyewe. Akwii akajiita Mtama.

Mwanzoni alicheka peke yake akisoma. Mrenda alikuwa na mume aliyejua hali yake lakini akiwa amelewa anaitangaza kwa majirani. Omena alikuwa akificha dawa ndani ya unga. Wengi waliogopa kufa, au kujulikana, au kuachwa. Akwii aliwajibu vizuri, maana hayo yote alikuwa ameyapita. Wakawa wanamwita Mama Mtama. Lakini Mpishi alipouliza, "Na wewe Mtama, leo moyo uko wapi?" aliandika, akafuta, akaandika tena, mwishowe akatuma: "Niko sawa, asante." Kisha mtandao wa Uganda uliiteka simu yake, kama kawaida pale mpakani, bando lisifanye kazi, na majibu ya wenzake yakaingia kesho yake yote kwa pamoja, ya kwanza yakiwa ya mwisho, asijue nani alimjibu nani.

Ndani ya fujo hiyo ndipo Kunde alipoingia.

Kunde hakutuma sauti hata siku moja, maandishi tu. Aliandika kama mtu anayenong'ona. Alisema yeye ni msichana, ana mimba changa, na alipoenda kliniki ya wajawazito wakampima damu wakamkuta na hali hii. Alisema amelelewa karibu na ziwa. Halafu siku moja akaandika:

"Mama aliyenilea si aliyenizaa. Ni dada yake. Yule aliyenizaa alinileta nikiwa mdogo akaenda zake. Sasa nalala nikijiuliza, au alikuwa nayo? Ndiyo maana alinitupa?"

Akwii aliyasoma maneno hayo akiwa amekaa juu ya turubai la trela la mafuta ya kupikia, jua likiwaka. Akayasoma tena. Dereva, mtu mrefu aitwaye Ilukor, alikuwa akimuuliza kitu, naye Akwii aliuona mdomo wake ukichezacheza bila kusikia sauti.

Ziwa. Dada ya mama. Aliletwa mdogo.

Hakuna anayefikiri sawasawa wakati kama huo. Akwii alijiambia kwamba kando ya ziwa wapo wasichana wengi waliolelewa na mama wakubwa. Magonjwa ya miaka ile yalitawanya watoto kila boma. Alilijua hilo. Lakini papo hapo akakumbuka kwamba habari ya mtoto kupimwa aliisikia tu kutoka kwa Atyang, hakuona cheti wala hakuongea na daktari. Je, kama Atyang alimdanganya ili afe kwa amani? Tena akajibu: mtoto aliyezaliwa nayo asingefika umri huo bila dawa, angeugua mapema. Au ameipata ukubwani, kwa mwanamume. Lakini Winny ana mwanamume? Hana mimba, angesikia. Nani angemwambia? Anti huambiwa nini?

Alimwandikia Nerima pembeni: "Huyo Kunde ni nani? Nakuomba, dada."

Nerima akapiga simu badala ya kuandika. "Mama Akwii, siwezi kukwambia. Mtu akiniuliza habari zako pia simwambii."

"Niambie tu kama anaitwa Winny. Sema hapana, nitanyamaza."

"Siwezi kusema ndiyo, siwezi kusema hapana. Winny ni nani?"

Ndipo Akwii akasimulia, huku anatembea kati ya malori, sikio moja limezibwa kwa kidole. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema yote kwa mfululizo. Nerima hakumkatiza. Mwishowe akauliza:

"Na wewe, ndani yako, ungetaka awe yeye au asiwe?"

"Swali gani hilo! Nani anataka mtoto wake awe mgonjwa?"

"Nimeuliza tu."

Akwii alikata simu akiwa na hasira. Alimfokea kijana wa chai, akamfokea Ilukor, akashona mshono mzima kombo ikabidi aufumue. Kwa nini amekasirika hivyo, hakuelewa, mpaka alipofumua uzi wa mwisho, wazo likamjia lenyewe bila kubisha: kama Kunde ni Winny, basi yuko mtu mmoja duniani ambaye Akwii anaweza kumfundisha jinsi ya kuishi nayo. Angempigia kumkumbusha dawa. Angemsindikiza kliniki. Angehitajika. Wazo hilo lilikuwa tamu, na alipouonja utamu wake akashika kinywa, akaona kama amemlaani mtoto wake kwa ulimi wake mwenyewe. Nani hufikiri hivyo? Alisali pale pale amuombee Winny uzima, na katikati ya sala hakujua tena anaomba nini.

Siku zikaenda. Kunde akaanza kumwandikia yeye hasa. "Mama Mtama, leo dawa zimenitapisha." Akamwambia ameze akishakula, usiku, hali itapoa yenyewe. "Mama Mtama, mtoto wa tumboni atakuwa nayo?" Akamweleza kwamba akimeza dawa vizuri mtoto anaweza kuzaliwa mzima, amesikia hivyo na ameona kwa macho yake, lakini asikilize sista. Kila alipojibu, alimwona Winny akisoma. Alimwona na lile gwanda la kijani la duka la dawa za mifugo alikoajiriwa Busia, ameegemea magunia ya chakula cha kuku. Kisha anajikumbusha kwamba huenda si yeye, na Kunde anageuka kuwa mtu asiye na uso.

Halafu likaja swali.

"Mama Mtama, wewe ni mtu mzima. Mama akimpa mtu mwingine mtoto wake, anakuwa anafikiria nini?"

Akwii alirekodi sauti, akaisikiliza, akaifuta. Ikiwa ni Winny, atamjua. Akakaa kwenye gogo nyuma ya kibanda cha fundi wa magurudumu, akaandika kwa kidole kimoja:

"Mimi nilifanya hivyo. Nilifikiria mambo madogo. Nani atamfungulia mlango akiamka nimekufa. Nani atampa maji. Sikufikiria kuhusu miaka, niliamini sina miaka. Halafu nikapewa miaka na sikujua kuifanyia nini. Sikumtupa. Lakini sikurudi kumchukua, na hiyo ndiyo sina jibu lake."

Akatuma kabla hajafuta.

Viazi akatuma alama ya moyo. Baada ya hapo mtandao ukaruka ng'ambo. Uliporudi kesho yake, Akwii alitafuta jibu la Kunde juu na chini, na badala ya jibu akakuta mstari mdogo wa kijivu. Kunde ameondoka kwenye kikundi.

Sasa hakukuwa tena na mashaka kichwani mwake. Ni Winny, amemjua, amekimbia. Msichana mwenye mimba, mgonjwa, aliyeambiwa jambo kama hilo kwenye simu na mama yake mwenyewe anaweza kufanya nini? Port Victoria kuna ziwa. Akwii aliacha turubai limekaa na tundu, akamwambia Ilukor amtafute mtu mwingine, akachukua pikipiki mpaka Busia mjini.

Winny alikuwa dukani, nyuma ya kaunta, akimweleza mzee mmoja namna ya kuchanganya dawa ya kupe. Alikuwa mzima, mwenye afya, kalamu imechomekwa kwenye nywele.

"Anti! Umetoka wapi? Karibu!"

"Nimepita tu," Akwii alisema akihema.

"Umepita kwenda wapi?"

Hilo hakuwa amelipanga. Akasema anataka dawa ya kuku. Winny akauliza kuku wana nini. Akwii akasema wanahara. Kinyesi cha rangi gani? Akwii, ambaye hakuwa na kuku hata mmoja, akasema nyeupe, halafu akasema ya kijani. Winny akamtazama.

"Anti, uko sawa kweli? Umekula?"

Wakaenda kula chakula cha mchana kwenye hoteli ndogo nyuma ya soko. Akwii alimchungulia tumbo wakati anakaa. Alichungulia shingo, macho, viganja. Aliuliza kama anatapika asubuhi. Aliuliza kama kuna mvulana. Winny aliacha kijiko.

"Nani amekutuma? Mama?"

"Hakuna aliyenituma."

"Kuna maneno umesikia kunihusu?"

"Kunde," Akwii akasema. "Wewe ndiye Kunde?"

"Kunde gani?" Winny akamgeukia mhudumu aliyekuwa amesimama karibu. "Hapana, mimi nimeagiza samaki."

Mhudumu akasema kunde zipo pia. Akwii akaanza kucheka, na kicheko kikageuka njiani kikawa kitu kingine, watu wa meza ya pili wakainamisha vichwa kwenye sahani zao. Winny akahamisha kiti akakaa upande wake, akamshika mkono.

"Niambie," alisema. "Pole pole."

Akwii akasema. Akasema habari ya kikundi, na kikundi ni cha nani, na yeye ana nini mwilini. Akaona macho ya Winny yakipanuka, lakini mkono wake haukuondoka. Akasema habari ya Kunde na ziwa na mama mkubwa. Kisha akafika mahali pa kusema lile neno.

"Winny, mimi ndiye..."

"Hiyo najua," Winny alisema.

"Unajua nini?"

"Kwamba wewe ndiye ulinizaa. Binamu yangu aliniambia nikiwa darasa la sita, tukigombania ndoo. Nani hajui pale nyumbani?" Sasa mkono uliondoka. "Nilimuuliza Mama. Akasema ulikuwa bado kijana, mume amekufa, ukataka kuanza maisha mapya Malaba bila mtoto. Akasema nisikuulize, utaona aibu."

"Maisha mapya?" Akwii akauliza. "Mimi?"

"Ndivyo nilivyoambiwa. Nikasema sawa. Kila ukija na zawadi nasema sawa. Sikuwa nakuchukia, usidhani. Nilikuwa nimekuweka mahali pako." Alikunja uso kama anayepiga hesabu isiyokubali. "Kumbe ulikuwa unakufa."

"Nilikuwa nakufa."

"Halafu hukufa."

"Sikufa."

Samaki akaletwa. Hakuna aliyemgusa. Winny alikuwa akitazama mlangoni, na aliposema tena sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Kwa hiyo leo umekuja mbio kwa sababu ulidhani mimi ni mgonjwa. Nikiwa mzima huwa unakuja Krismasi."

Akwii alifungua mdomo. Alitafuta neno kwa Kiswahili, akalitafuta kwa Kiteso ambacho Winny hakijui.

"Narudi kazini," Winny alisema. "Si kwamba nimekasirika. Sijui nimepatwa na nini. Wewe kula."

Jioni hiyo Atyang alipiga simu kutoka Port Victoria, na hakusalimia. "Umemwambia nini mtoto? Amenipigia anaongea kama hakimu!"

"Nawe ulimwambia nini, dada? Eti nilitaka maisha mapya?"

"Ulitaka niseme nini?" Atyang alikuwa karibu kulia. "Mtoto ameniuliza kwa nini mama yake alimtoa, na wewe umeniapisha nisitaje ugonjwa. Niapie, ulisema. Nikaapa. Sasa mtu akiapa, akakatazwa kusema kweli, atasema nini? Nilisema kitu cha kwanza kilichokuja mdomoni."

Akwii alitaka kumkasirikia akashindwa, akataka kumwomba msamaha akashindwa pia. Mwishowe Atyang akauliza kwa sauti ndogo, "Na huko kifua hakikusumbui?" Akwii akasema hakimsumbui.

Wiki iliyofuata, Alhamisi, namba ngeni ikaongezwa kwenye Mapishi ya Nyumbani, na kwa mara ya kwanza Kunde akatuma sauti. Ilikuwa sauti nzito, ya mwanamke mwenye kigugumizi kidogo, Kiswahili chake kimechanganyika na Kiganda. Aliomba radhi: simu yake ilitumbukia majini, mdogo wake akashika laini na kumtoa kwenye vikundi vyote. Alipata jibu la Mtama kabla simu haijafa. "Webale, nnyabo, asante sana mama," alisema. "Nilisoma nikalia, nikalala. Nilikuwa sijalala siku nyingi."

Akwii aliisikiliza sauti hiyo mara nyingi. Haikufanana na Winny hata kidogo. Akashukuru Mungu: mtoto wake ni mzima. Na kando ya shukrani hiyo akahisi kama amefiwa na mtu, akashangaa ni nani. Mpishi alipouliza, "Mtama, leo moyo uko wapi?" hakusema yuko sawa. Aliandika: "Sijui uko wapi. Kila nikiushika unateleza." Mrenda akajibu kwamba wa kwake pia unateleza. Hawakuongeza kitu, wala Mpishi hakuwafafanulia. Akwii akagundua kwamba amepumua mpaka chini, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu sherehe ya keki.

Winny hakupiga simu kwa muda mrefu. Alipopiga, hakuuliza habari za afya wala kuomba msamaha. Aliuliza, "Baba yangu, jina lake la nyumbani lilikuwa nani?" Akwii akamwambia: Ikapel, lakini mama yake alimwita Emukule alipokuwa mdogo. Winny akasema asante, akakata. Siku nyingine akauliza kama Ikapel alikuwa mrefu. Siku nyingine akauliza kama alikuwa na tabia ya kulala mdomo wazi. Akwii alijibu kila swali, na baada ya kila simu alikaa akijaribu kuelewa kama anasamehewa au anahojiwa. Alimuuliza Nerima. Nerima akasema huenda Winny naye hajui bado.

Kisha Jumapili moja Winny akatokea Malaba bila kusema. Alimkuta Akwii juu ya turubai kubwa la bluu, akasimama akitazama, halafu akavua viatu akaketi upande wa pili. Siku nzima ile hakumwita jina lolote. Si Anti, si Mama. Alisema tu "we" na "hebu" na "shika hapa". Akwii akampa sindano ya akiba, akamwonyesha jinsi ya kukunja ukingo mara mbili kabla ya kuuchoma. Mishono ya Winny ilikuwa mikubwa, imepishana kama meno ya mzee. Walishona bila maneno mengi, malori yakisogea hatua moja na kusimama.

Mwenye lori, dereva mgeni wa kutoka Eldoret, akaja kuangalia kazi imefika wapi. Akawatazama wote wawili, paji la uso kwa paji la uso.

"Mama Turubai, huyu ni binti yako?"

Wakajibu kwa wakati mmoja. Winny alisema, "Ndiyo." Na Akwii, kwa mazoea ya miaka yote ile, akasema, "Hapana, ni wa dada yangu."

Dereva akamwangalia huyu, akamwangalia yule. "Sasa nimsikilize nani?"

Akwii akageuka amtazame Winny, arekebishe, aseme kwa sauti ili foleni nzima isikie, lakini Winny alikuwa amekwisha kuinama tena, anatafuta pa kupitishia uzi, na uso wake haukuonekana.

"Vuta upande wako," alisema. "Huku linalegea."

Akwii akavuta.